"Nyimbo za Vita" au "Nyimbo za Wakati wa Vita"? Muziki wa Dansi, 1939–1945

Ofisi yetu ilipokea mswada wa tafsiri ya kitabu kihusucho muziki wa Uingereza na Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Mfasiri, ambaye ni mwalimu wa miaka mingi, aliomba asaidiwe istilahi chache za ala na za mitindo ya kucheza. Kazi hiyo haikuwa ngumu. Ugumu ulijitokeza mahali ambapo yeye mwenyewe hakuuona, yaani katika jina la kitabu. Alikuwa ameandika "Nyimbo za Vita", na maneno hayo aliyarudia katika kila sura.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, wimbo wa vita ni wimbo wa kupigania, au wa kusimulia mapigano. Asomaye Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini hutazamia habari za mapigano, naye huzipata. Wazee wetu waliosikiliza redio wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wanazikumbuka nyimbo za kuwatia moyo wapiganaji na kumkejeli adui. Hizo ni nyimbo za vita, wala hapana wa kubisha. Lakini nyimbo zilizo nyingi katika mswada huo hazina bunduki wala adui. Zina taa, barua, kituo cha garimoshi na ahadi ya kuonana tena. Kuziita nyimbo za vita ni kumwahidi msomaji kitu kisichokuwamo. Zaidi ya hayo, ni kuuficha mgogoro mkubwa uliokuwapo siku zile baina ya wenye mamlaka na wasikilizaji, na mgogoro huo ndio hasa unaopasa kutuamulia istilahi.

Tuanze na wimbo uliovuka mipaka kuliko nyingine zote. Shairi la "Lili Marleen" liliandikwa na Hans Leip mwaka 1915, naye akiwa askari wa Kijerumani. Norbert Schultze alilitungia muziki mwaka 1938, na Lale Andersen akaliimba katika santuri mwaka uliofuata. Santuri hiyo haikupata wanunuzi wengi. Mwaka 1941 Wajerumani waliuteka mji wa Belgrade, wakaweka huko kituo cha redio kwa ajili ya askari wao, na wimbo huo ukawa unapigwa kila usiku, dakika chache kabla ya saa nne, matangazo yalipokaribia kufungwa. Mawimbi yalifika mpaka jangwa la Afrika ya Kaskazini. Huko askari wa Uingereza waliusikiliza sawasawa na wale waliokuwa wakipigana nao, wakaushika, wakauimba. Habari yake ni ya mtu amkumbukaye mpenzi wake waliyekuwa wakiagana chini ya taa, penye lango la kambi. Basi. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, hakuupenda, na mwaka 1942 mwimbaji wake alipigwa marufuku kuimba hadharani. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwa serikali. Waingereza nao hatimaye waliutungia maneno ya Kiingereza, na Anne Shelton akauimba mwaka 1944.

Hofu ya Berlin ilikuwako London pia, ingawa ilivaa kanzu nyingine. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha idhaa maalumu ya askari mwezi Januari 1940. Mwezi Juni mwaka huo likaanzisha kipindi cha muziki wa viwandani, kilichopigwa mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara, ili mikono ya wafanyakazi isilegee. Muziki wa kipindi hicho ulichaguliwa kwa uangalifu kama dawa: usiwe wa polepole mno, wala usiwashughulishe watu hata wakasahau mashine. Wimbo mmoja wa Kimarekani, "Deep in the Heart of Texas", ulitolewa katika kipindi hicho kwa sababu una mahali pa kupiga makofi, na wafanyakazi, badala ya makofi, waligonga mashine kwa vyuma walivyoshika.

Vera Lynn ndiye aliyewatia wakubwa wasiwasi zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1941 alikuwa na kipindi chake usiku wa Jumapili, akiwaimbia askari waliokuwa mbali na kuwapa habari za kwao. Wimbo wake uliojulikana kuliko zote, "We'll Meet Again", ulitungwa mwaka 1939 na Ross Parker pamoja na Hughie Charles. Baadhi ya wabunge na maofisa wa jeshi walisema kwamba nyimbo za namna hiyo zingemlegeza askari, na kwamba apewe muziki wa kijeshi. Mwaka 1942 BBC ilitoa amri dhidi ya nyimbo zilizozidi huzuni na dhidi ya wanaume waimbao kwa sauti ya kudeka. Ajabu haiko katika amri hiyo, bali katika dhana iliyokuwa nyuma yake, kwamba askari huhitaji kuimbiwa apigane. Hilo alikuwa ameshaambiwa na sajini wake tangu alfajiri. Alilolitaka jioni ni kuambiwa kwamba nyumbani bado wapo wanaomngoja. Mwaka 1944 Vera Lynn alisafiri mpaka Burma, akawaimbia askari wa Jeshi la Kumi na Nne karibu kabisa na mstari wa mbele.

Bendi zenyewe hazikuwa mahali pa usalama. Usiku wa tarehe 8 Machi 1941 bomu liliingia katika Café de Paris, ukumbi wa dansi uliokuwa chini ya ardhi mjini London na uliosifiwa kwa usalama huo huo. Ken Johnson, kijana mweusi kutoka Guyana aliyekuwa akiiongoza bendi ya wanamuziki wa West Indies, aliuawa jukwaani. Wiki sita hazikutimia, tarehe 17 Aprili, akauawa kwa bomu Al Bowlly, mwimbaji aliyependwa sana Uingereza katika miaka ya 1930. Wasomaji wetu wachache watakuwa wanajua kwamba alizaliwa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo.

Kwa upande wa Marekani nitapita upesi, isipokuwa kwa habari ya santuri. Santuri za siku hizo zilitengenezwa kwa shelaki, yaani ute mgumu wa wadudu wadogo wa mitini, ambao kwa sehemu kubwa ulitoka India. Vita vilipofika Asia, njia za meli zikawa za hatari, na shelaki yenyewe ikatakiwa kwa mahitaji ya jeshi. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipunguza sana kiasi walichoruhusiwa wenye viwanda, nao wakawaomba watu warudishe santuri kuukuu zipate kusagwa upya. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo chama cha wapiga muziki kiligoma kurekodi, kikidai malipo kwa kazi zao zilizopigwa redioni. Baadhi ya makampuni makubwa hayakupatana nacho mpaka Novemba 1944. Waimbaji hawakuwa wanachama, kwa hiyo waliendelea kurekodi wakisindikizwa na kwaya pasipo ala; na kwa njia hiyo, pamoja na sababu nyingine, jina la mwimbaji likaanza kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi. Serikali hiyo ilitamani sana upatikane wimbo wa kupigania, kama vile "Over There" ulivyokuwa mwaka 1917. Askari wao waliuomba zaidi "White Christmas", wimbo wa mtu akumbukaye sikukuu ya kwao.

Kwetu Afrika ya Mashariki tofauti hiyo haikuwa ngeni. Jeshi la King's African Rifles lilikuwa na wimbo wake wa safari, "Funga Safari", na huo waweza kuuita wimbo wa askari bila ya kumkosea mtu. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika mvua na malaria, ilikuwa sehemu ya jeshi lile lile lililotembelewa na Vera Lynn. Vikosi vyetu navyo vilikuwa na wapiga muziki wao wa kuwaburudisha. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita alipata sifa kubwa kwa nyimbo za mapenzi na za maisha ya mjini.

Hapa pana maneno matatu ya kuangaliwa. La kwanza ni "beni". Neno hili na neno "bendi" yametoka katika neno moja la Kiingereza, lakini kila moja liliingia kwa mlango wake. Beni ni ngoma iliyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya kwanza, ikiwa na vyama vyake vya mashindano kama Marini na Arinoti. Mfasiri wetu alikuwa ameandika "beni ya Glenn Miller". Hapo sharti iwe "bendi". La pili ni "jazz". Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944 zilikuwa bendi za dansi, na muziki uliovuta masikio ya wachezaji wa mijini ulikuwa hasa rumba ya Kuba, iliyoletwa na santuri za HMV za mfululizo wa GV kuanzia mwaka 1933. Kwa hiyo "jazz" katika jina la bendi ya kwetu isifasiriwe kwa maana ya Kimarekani, wala ile ya Kimarekani isielezwe kwa mfano wa bendi hizi. La tatu ni "santuri" lenyewe, ambalo ni jina la ala ya nyuzi ya mashariki lililohamia kwenye sahani ya muziki. Linatosha, sioni haja ya kutafuta jingine.

Tulimwandikia mfasiri kwamba kitabu kiitwe "Nyimbo za Wakati wa Vita". Alijibu kwamba maneno yamekuwa mengi, na kwamba mchapishaji hupenda majina mafupi. Ni kweli, yamekuwa mengi, lakini hatukuona jinsi ya kuyapunguza, naye mwishowe alikubali. Akasahihisha mswada wote, isipokuwa sura moja ambayo sisi wenyewe tulimwomba asiiguse. Sura hiyo yahusu bendi ya Berlin iliyojulikana kwa jina la Charlie and His Orchestra. Wizara ya Goebbels iliigharimia ipige muziki wa dansi wa Kiingereza na Kimarekani, maneno yakiwa yamegeuzwa ili kumdhihaki Churchill, na nyimbo hizo zilirushwa redioni kuelekea Uingereza. Humo "nyimbo za vita" imebaki kama alivyoiandika.