Protini Haitulii: Safari ya McCammon Kupitia Houston

Baadhi yetu tumekulia Dallas na Fort Worth, wengine Houston. Wazazi wetu walitoka Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu, na wengi wetu tuna ndugu waliozikwa miaka ya 1990 kwa ugonjwa uliotajwa kwa kunong'ona. Kwa hiyo tulipotafuta mada ya historia ya sayansi Texas, tulichagua inayotugusa: jinsi kompyuta zilivyosaidia utafiti wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi.

Tuanzie Dallas. Septemba 1958, Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha saketi nzima ndani ya kipande kimoja kidogo, babu wa chipu za leo. Bila chipu, mahesabu tunayoyasimulia hapa yasingefika mbali.

Mwaka 1977, J. Andrew McCammon, Bruce Gelin na Martin Karplus, wakiwa Harvard, walichapisha katika jarida la Nature uigaji wa kwanza wa mwendo wa protini. Kompyuta hupewa mahali ilipo kila atomu, hukokotoa jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana, huzisogeza hatua ndogo sana, kisha hurudia tena na tena. Walifuatilia protini moja ndogo kwa pikosekunde 9.2 tu. Ukiigawa sekunde moja katika sehemu trilioni, kila sehemu ni pikosekunde moja.

Muda huo una faida gani? Picha za fuwele zilikuwa zimewazoesha watu kuiona protini kama jiwe. Uigaji ulionyesha kwamba ndani yake atomu huchezacheza karibu kama za kimiminika.

Mwaka 1978 McCammon alihamia Chuo Kikuu cha Houston, akakaa huko hadi katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1984, yeye na B. L. Tembe walieleza njia ya kukokotoa ni molekuli ipi kati ya mbili itakayoshikamana zaidi na protini. Mwaka 1987 alitoa kitabu pamoja na Stephen Harvey. Swali likawa hili: kama protini ni kufuli linalobadilika umbo, ufunguo wake tutauchongaje?

Mwaka 2004, McCammon akiwa San Diego, kundi lake lilitumia uigaji kuchunguza integresi, kimeng'enya ambacho virusi hutumia kupachika jeni zake ndani ya zile za chembe zetu. Waliona mfereji ambao picha za fuwele hazikuuonyesha. Kampuni ya Merck ilikuwa ikikitafutia kimeng'enya hicho dawa tangu zamani, na mwaka 2007 raltegravir, ya kwanza ya aina yake, iliidhinishwa Marekani. Leo dolutegravir, ya kundi hilohilo, hutumiwa na wagonjwa wengi Kenya na Tanzania.

Hatusemi kwamba kompyuta ilitengeneza dawa peke yake. Wapo wanakemia, madaktari, na wagonjwa waliokubali kufanyiwa majaribio. Tunasema tu kwamba mwaka 1977 hakuna aliyejua pikosekunde 9.2 zingeelekea wapi. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa ndugu zetu kibaba kilichelewa kujaa. Kwa wadogo zao kimejaa, nao wanaishi.