Nesi Hakai kwa Ahadi

Wasee, mkiskia nesi ameenda Uingereza, msimwite msaliti. Rudini 2013, afya ilipopelekwa kaunti na mshahara wa manesi wengi ukaangukia mikononi mwa magavana. Juni 2017 manesi waligoma, wakidai makubaliano ya mishahara na marupurupu yatiwe sahihi. Walirudi kazini Novemba, miezi 5 baadaye, wakiwa wameahidiwa nyongeza. Kaunti kadhaa hazikulipa, so Februari 2019 mgomo ukarudi. Halafu Julai 2021, serikali ikasaini mkataba wa kupeleka manesi Uingereza!

Mimi naona hivi: marupurupu ya kwenye karatasi hayamzuii mtu kuondoka. Lipeni kwanza, ndio tuongee mambo ya uzalendo.