SAFU YA LUGHA: Korogwe ipi?

Aliyepanda gari Kimara Mwisho kuelekea mjini akisema anashuka Korogwe, hakuna anayeshangaa: ni kituo kinachofuata. Jina hilohilo likitajwa Stendi ya Magufuli, Mbezi, msemaji atakatiwa tiketi ya mkoa wa Tanga. Jina fupi hutegemea mahali linapotamkiwa.

Intaneti ina shida hiyohiyo. Ukiandika “barua” tu katika kompyuta ya ofisi, mashine yaweza kuliongezea mkia wa mtandao wa ofisi hiyo, tuseme unaoishia na .co.tz, ndipo iulize anwani. Nukta ikiwekwa mwishoni kabisa, baada ya tz, hutangaza kuwa jina limetimia, lisiongezwe kitu.

Utata huu una hatari. Mwaka 2018 ICANN, taasisi inayoratibu majina ya intaneti duniani, iliamua kutoruhusu .home, .corp na .mail, kwa sababu mitandao mingi ya ndani ilikwisha kuyatumia; maulizo ya ndani yangeweza kuangukia kwa mgeni. Mwaka 2024 ikatenga .internal kwa matumizi ya ndani pekee.

Tunaposema “Kimara Korogwe”, kikubwa hutangulia. Tukisema “Korogwe ya Kimara”, kidogo hutangulia na mwenyewe hufuata, kama .tz inavyokaa mwisho. Mpangilio wowote unafaa, mradi mwenye jina atajwe. Anayemwelekeza mgeni, au anayeandika anwani, amtendee msomaji haki: asikate jina kwa kudhani wote wanasimama alipo yeye.