Achari Ilipata Uraia Mapema

Wengi wetu tulikutana na neno haradali kwenye somo la dini, katika ule mfano wa punje ndogo inayokua ikawa mti. Punje yenyewe hatukuwahi kuiona. Ukiitaka leo hapa Nairobi, ingia duka lolote la viungo Ngara au Parklands na uulize "rai". Utapimiwa punje za kahawia, ndogo kuliko mtama. Kando yake kuna mfuko mwingine wa punje za njano zilizomenywa na kupasuliwa. Hizo kazi yake kubwa ni moja: achari.

Sizungumzii ile achari nyekundu ya Mombasa, embe kavu yenye pilipili na rangi inayobaki kwenye vidole hadi jioni. Hiyo pia naipenda, lakini ni jamaa wa mbali. Nazungumzia embe mbichi iliyokatwa na maganda yake, ikalazwa kwenye chumvi, haradali na mafuta, ikafungiwa kwenye chupa ya kioo kwa mwaka mzima. Watu wengi nikiwatajia wanasema, "Ah, hiyo ni ya Wahindi." Basi hebu tuichunguze hiyo kauli.

Tuanze na neno. Achari asili yake ni Kiajemi, na limesafiri kuliko wengi wetu tutakavyowahi kusafiri. Wahindi wanasema achar, Wareno achar, Wamalayu acar. Ukienda Mauritius na Réunion utakuta achards, Afrika Kusini utakuta atchar, na Madagaska neno hilo limegeuka likawa lasary. Ukiziunganisha nchi hizo kwenye ramani, umechora njia za majahazi na merikebu za Bahari ya Hindi. Chakula kisichooza ndicho chakula cha baharini.

Na pwani yetu haikungoja kufundishwa. Mwaka wa 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, kabla ya kushuka hadi Mombasa na Kilwa. Katika maelezo ya safari yake anataja alichoandaliwa: wali wa samli na vitoweo vyake, na pembeni ndimu na pilipili zilizolazwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Akaeleza kwamba embe likiiva huliwa kama tunda, lakini likiwa bichi ni chachu kama limau, na watu hulihifadhi kwenye siki. Hiyo ni miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Na pilipili za kwenye sahani ile haziwezi kuwa hizi kali tunazozijua, kwa sababu pilipili kali asili yake ni Amerika na ilikuwa bado haijavuka bahari. Yaani achari ya embe ni ya zamani hapa kuliko pilipili inayoiwasha.

Kwa hivyo kilichokuja baadaye ni mtindo mwingine wa achari: ule wa Gujarati, wenye haradali na mafuta mahali pa siki.

Mtindo huo nimeuona ukifanyika jikoni kwa jirani yangu, mama wa Kigujarati ambaye jengo zima tunamwita Ba. Anachukua embe mbichi ngumu, zile ambazo kokwa limeanza kukomaa, anazikata vipande, anazipaka chumvi na manjano, kisha anaziacha kwenye beseni hadi kesho yake. Chumvi inavuta maji, na maji hayo anayatoa. Vipande anavianika juu ya kitambaa safi hadi vikauke juujuu. Halafu anachanganya haradali iliyopasuliwa, uwatu uliopasuliwa, pilipili ya unga, chumvi zaidi na mvuje kidogo. Mafuta ya simsim anayachemsha hadi yatoe moshi, kisha anayaacha yapoe kabisa kabla ya kuyamwaga.

"Mbona usimwage moto?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Ukimwaga moto, beta, haradali inalala," akasema.

Ba hajasoma kemia, lakini yuko sawa. Punje nzima ya haradali haina ukali. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa: kemikali iitwayo sinigrini na kimeng'enya cha kuivunja. Ukiipasua punje na ikapata unyevu, viwili hivyo vinakutana na kuzaa ule ukali unaopanda puani. Moto mkali unakiua kimeng'enya, na ukali hauzaliwi. Ukali huohuo ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu, na bakteria nao hawaupendi. Kwa taarifa yako, haradali ni ukoo mmoja na kabeji na sukuma wiki. Tafuna jani bichi la sukuma utausikia ule mwasho kwa mbali.

Lakini haradali peke yake hailindi chupa. Kinachoilinda ni ushirikiano: chumvi inapunguza maji ambayo vijidudu vinayahitaji, uchachu wa embe unavizuia kukua, na mafuta yanayofunika vipande yanazuia hewa na kuvu. Hapa pana mtego. Kuna bakteria wa sumu hatari sana ya botulini ambaye anapenda hasa mahali pasipo hewa, kama chini ya mafuta. Kinachomzuia ni asidi, yaani pH ya 4.6 kushuka chini. Embe mbichi inayo asidi hiyo. Karoti haina, kitunguu saumu hakina. Kwa hivyo achari ya karoti na haradali, ile ya kuliwa na chapati, itie maji ya limau, iweke kwenye friji na uimalize mapema. Na usiache kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta juu ya kabati eti kwa sababu umeona kwenye video.

Sheria za Ba kuhusu chupa ni tatu. Iwe imeoshwa, ikakaushwa juani hadi isibaki tone. Mafuta yawe juu ya embe siku zote, yakipungua, ongeza. Na kijiko kiwe kikavu. Anayechovya kijiko chenye maji kwenye chupa ya Ba hukumbushwa hadi mwaka unaofuata.

Sasa, chupa hii ilifikaje hapa? Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Zanzibar na Mombasa muda mrefu kabla ya ukoloni. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta karibu Wahindi 32,000 kwa mkataba, wengi wao Wapunjabi, kuijenga kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifariki. Shuleni tuliwasikia zaidi wale walioliwa na simba wa Tsavo, lakini wengi waliuawa na maradhi na ajali. Mkataba ulipoisha wengi walirudi kwao, na zaidi ya 6,000 wakabaki. Mtu aliyepewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi na vyakula vyao alikuwa A. M. Jeevanjee. Ndiyo, yule wa bustani ya Jeevanjee ambapo watu huketi kula mahindi ya kuchoma mchana.

Waliofuata reli kufungua maduka wengi walikuwa Wagujarati. Ardhi ya nyanda za juu walifungiwa, ikawekwa kwa ajili ya walowezi Wazungu, basi wakabaki kwenye biashara. Soko lao Nairobi lilichomwa kwa amri ya serikali tauni ilipozuka mwaka wa 1902, likajengwa tena. Bazaar Street ya wakati huo ndiyo Biashara Street ya leo.

Tusijidanganye kwamba ilikuwa undugu mtupu. Ukoloni uliwapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Waafrika wengi waliijua jiko la Kihindi wakiwa wapishi na mayaya, kwa mshahara mdogo, wakiingilia mlango wa nyuma. Lakini angalia kilichotoka kwenye mlango huo. Chapati leo ndiyo Krismasi yenyewe. Sambusa, pilau, bhajia. Kachumbari, ambayo jina lake ni lilelile la Kigujarati, haikosi penye nyama choma. Hakuna anayekiuliza kikaango cha chapati kwao ni wapi.

Watu ndio waliulizwa. Mwaka wa 1967 sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na Waasia wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mapema 1968 ndege zilijaa Embakasi, kila mtu akikimbilia London kabla mlango haujafungwa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu tu, ikaanza kazi Machi mosi. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke.

Na huko Uingereza achari ilikuwa imewatangulia. Mwaka wa 1758 kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse kilikuwa tayari na achari ya haradali aliyoiita ya India. Jina hilo la India lilififia, ikabaki piccalilli, chakula cha Kiingereza kabisa. Halafu mwaka wa 1956 L. G. Pathak aliondoka Kenya na familia yake kwenda Uingereza, na mwaka uliofuata akaanzisha biashara ya vyakula. Jina akalipunguza herufi moja ili Waingereza waweze kulitamka: Patak's. Leo achari zake ziko kwenye rafu za supamaketi huko, na kampuni iliuzwa mwaka wa 2007 kwa shirika kubwa la Uingereza. Waliofungiwa mlango ni watu. Chupa zilipita.

Kenya ilitangaza rasmi Waasia kuwa kabila la 44 mwezi wa Julai 2017. Ukihesabu tangu reli ianze, ni miaka 121. Ba alizaliwa Kisumu. Anaongea Kijaluo kuliko mimi, na bado watu humuuliza kwenye foleni, "Mama, unatoka wapi?" Akijibu Kisumu, wanacheka. "Hapana, kwenu kabisa?" Nilipomuuliza kama alisherehekea ile 2017, alikuwa anafuta mdomo wa chupa. "Kitambulisho nilikuwa nacho," akasema. "Sijui wao walikuwa wanahesabu nini."

Embe mbichi zitajaa sokoni kuanzia Novemba. Nunua zile ngumu, tafuta rai iliyopasuliwa, acha mafuta yapoe. Andika tarehe kwenye chupa na uiache wiki tatu kabla ya kuonja. Mgeni akionja akakuuliza hii ni achari ya wapi, mwambie mtaa unaokaa.