Rangi na Mlio wa Metali katika Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya uhunzi wa Wachagga haielezeki bila kutaja Upare, kwa kuwa chuma kilichofuliwa katika miteremko ya Kilimanjaro kilitoka kwa sehemu kubwa Ugweno, huko Upare, ambako wahunzi wa ukoo wa Washana, waliotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya, walikusanya mchanga mweusi wenye chuma na kuuchoma tanuruni kwa makaa na mivukuto mpaka chuma kikajitenga na takataka zake. Wahunzi wa Kichagga, wakiwemo wale wa eneo la Mamba, walikipata kwa biashara, na katika karne ya 19 wakatumia pia waya ulioletwa na misafara ya pwani, wakafua majembe, mikuki na kengele. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1912 uchunguzi juu ya mhunzi wa Kichagga, fundi aliyeheshimiwa na kuogopwa, ambaye nyundo yake iliaminika kuwa na nguvu ya kulaani.

Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Chuma kikiwa na rangi ya damu ya mzee hurudishwa motoni. Kikifikia rangi ya chungwa hufuliwa. Na kikikaribia weupe, kwenye nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, vipande viwili hushikamana chini ya nyundo. Kikishapoa hugongwa na kusikilizwa, kwani chenye ufa hutoa mlio butu usiodumu. Huo ulikuwa upimaji wa kweli, na ni kosa kuudharau kwa sababu tu haukuandikwa.

Rangi na mlio ndivyo vinavyochunguzwa leo katika chembe nano za metali, yaani chembe zinazopimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1857 Michael Faraday alionyesha mjini London kwamba dhahabu ikitawanywa majini katika chembe ndogo mno huwa nyekundu, na mwaka 1908 Gustav Mie akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Wekundu huu si ule wa chuma cha motoni, unaotokana na joto: chembe ya dhahabu ni nyekundu hata ikiwa baridi, kwa sababu elektroni zake huyumba kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, zikafyonza kijani na kuuacha wekundu upite. Mlio nao upo, ingawa hakuna sikio linaloweza kuusikia: chembe ikipigwa na mwale wa leza wa muda mfupi mno hutetemeka kama kengele, mabilioni ya mara kwa sekunde, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo inavyotetemeka kwa kasi zaidi. Mitetemo ya tufe la namna hiyo ilikwisha kukokotolewa na Horace Lamb mwaka 1882.

Dhahabu hiyo imefika Moshi. Katika tambarare za mpunga zilizo chini ya mlima, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika 15 hadi 20 mstari mwekundu hujitokeza. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu wa mstari huo ni wa chembe nano za dhahabu zilizobandikwa kingamwili.