Data za wagonjwa mahututi: Kanda ya Ziwa ilishaonyesha njia

Kati ya 1991 na 1994, kata ya Nkome na wilaya yote ya Geita zikiwa bado chini ya Mkoa wa Mwanza, watafiti walifuatilia watu wazima wapatao 12,000 katika maeneo 12 ya mkoa huo. Katika maeneo sita, zahanati na vituo vya afya viliimarishiwa tiba ya magonjwa ya zinaa. Mengine sita yalisubiri. Agosti 1995 jarida la Lancet likachapisha matokeo: palipotolewa tiba, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Mwaka 1999 yakaja majibu ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa. Huko watu walitibiwa kwa wingi, lakini maambukizi hayakupungua. Baadaye Masaka, pia nchini Uganda, nako hayakupungua. Nani asadikiwe?

Watafiti wa pande hizo wakafanya jambo ninaloliheshimu kuliko matokeo yenyewe. Waliweka pamoja data zao, za mtu mmoja mmoja, wakazichambua upya. Ikaonekana hakuna aliyekosea: Uganda janga lilikuwa la siku nyingi zaidi, watu walikwishabadili mienendo, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalibaki machache, hivyo kuyatibu kulizuia maambukizi kidogo tu. Daftari la Mwanza peke yake lisingeweza kusema hayo.

Kwa wagonjwa mahututi, mlango kama huo wa kushirikiana data ulifunguliwa mbali na hapa. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ikishirikiana na chuo cha MIT, ilikusanya kumbukumbu za ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) katika hazina iitwayo MIMIC. Toleo la tatu, la 2016, lina wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kati ya 2001 na 2012. Majina yamefutwa. Tarehe zimesogezwa mbele, hata mgonjwa akaonekana amelazwa karne ijayo, ila saa kati ya kipimo na kipimo hazikuguswa. Mtafiti wa nchi yoyote husoma mafunzo ya maadili, hutia saini mkataba, hupewa bure.

Programu nyingi za kubashiri nani atazidiwa zimefundishwa kwa wagonjwa hao. Hazikumwona mvuvi wa Nkome mwenye malaria kali, wala mchimbaji aliyefukiwa na kifusi. Katika hospitali zetu nyingi muuguzi hujaza chati kwa peni: mapigo ya moyo, pumzi, presha, oksijeni. Mgonjwa akitoka au akifariki, chati huingia kwenye faili, faili likaenda stoo.

Na ICU pekee haitoshi. Utafiti uliochapishwa 2025, wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na wengi wao wako wodi za kawaida. Kwa hiyo data zetu zianzie huko wodini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ni vyema. Lakini isigeuzwe kisingizio cha kuacha chati zioze. Hospitali za Geita zianze kuzihifadhi kwenye kompyuta, zifute majina, ziwape watafiti wenye kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kila anayepewa afungwe kwa maandishi kurudisha majibu kwa waganga na wauguzi walioziandika.