Tufani ya 1872: Upepo Ulipiga Unguja, Bili Ikatumwa Bara

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikiwa njiani kuja pwani, niliweka ramani yake hapa. Msee mmoja wa Runyenjes akaandika, "Sisi tuko mlimani, hiyo ni shida ya watu wa Mombasa." Watu wakamuunga mkono kibao. Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia, kikaishiwa nguvu, vichekesho vikatoka, tukasonga. Wiki chache baadaye, Mei hiyo hiyo, kaunti ya Mombasa ikapiga muguka marufuku. Ghafla Embu nzima ikajua pwani ni wapi.

Kwa hivyo leo nawapa stori ambayo mimi shuleni sikuipata. Na kabla mseme, ndio, niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha. Hii nimejisomea.

Kwanza, mbona vimbunga ni nadra huku kwetu? Ukitoka Embu kwenda Meru, karibu kufika mjini unavuka ikweta. Kimbunga hutegemea mzunguko wa dunia ndio upepo ujisokote, na karibu na ikweta msukumo huo ni kama sufuri. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya hapo, kwa hivyo nayo huwa haisumbuliwi sana. Lakini "sana" si "kamwe". Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliingia Unguja.

Bandarini kulikuwa na majahazi ya biashara na meli za Sultani Barghash, ambaye hata miaka miwili kwenye kiti hakuwa amemaliza. Karibu zote ziliharibika. Nyingine zilizama, nyingine zikarushwa ufuoni kama takataka. Ng'ambo, huko Bagamoyo, misheni ya Wakatoliki ikabomoka. Na maji hayakuishia pwani. Stanley, yule mwandishi aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikuwa anarudi baharini siku hizo. Alipopita Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, alikuta mafuriko yamebeba sehemu ya ukuta wa mji na nyumba nyingi. Morogoro iko karibu kilomita 200 kutoka baharini. Endelea kuniambia ni shida ya pwani.

Sasa, nyumba hujengwa tena. Meli hununuliwa. Barghash baadaye aliagiza nyingine Uingereza, mojawapo ikiitwa Glasgow, na hiyo nayo Waingereza wenyewe wakaizamisha mwaka wa 1896 kwenye ile vita iliyoisha hata kabla ya saa moja. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Kilichoumiza Unguja zaidi ni miti.

Uchumi wa kile kisiwa ulikuwa karafuu. Inakadiriwa theluthi mbili hivi ya mikarafuu ya Unguja ilianguka, pamoja na minazi kibao. Jaribu kufikiria kahawa yote ya Manyatta na miraa yote ya Igembe zimelala chini asubuhi moja. Mamangu aliwahi kung'oa kahawa ya zamani, akapanda upya. Miaka mitatu tuliishi kwa mkopo na maziwa ya ng'ombe mmoja. Mkarafuu ni mbaya zaidi, unataka miaka sita au zaidi ndio uanze kukulipa.

Na hapa ndio watu wengi hufunga hiyo stori: upepo, hasara, pole. Mimi hapa ndio naona inaanza.

Pemba, kisiwa cha pili, upepo ulikipita bila kukiguza sana. Karafuu za Unguja zikiwa chini, bei ikapanda. Kila mwenye ardhi Pemba akataka kupanda mikarafuu, na Unguja nao wakataka kupanda upya. Nani atachimba mashimo? Nani atapalilia miaka yote hiyo, na kupanda juu ya mti kuchuma? Si mwenye shamba. Ni watumwa, wengi wao watu wa bara, waliotekwa maeneo ya Ziwa Nyasa na kuletwa kwa miguu hadi Kilwa.

Miezi michache baada ya tufani, mwanzoni mwa 1873, Sir Bartle Frere akaja kutoka Uingereza kumwambia Barghash biashara ya watumwa baharini ifungwe. Barghash akakataa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa hiyo tufani: tumeshaharibikiwa, mkituondolea na hii tutakula nini? Wanavyosimulia watu wengi, hapa ni Mwingereza mwema na Sultani mbaya. Mimi naona watu wawili wanabishana juu ya hasara, na yule atakayeilipa hata hayuko chumbani. Tarehe 5 Juni 1873, akitishwa kwamba manowari zitaziba bandari, Barghash akatia sahihi. Soko la watumwa likafungwa.

Karatasini. Mashamba ya Pemba bado yalitaka mikono, kwa hivyo njia ikabadilishwa. Misafara ikaacha bahari, ikapanda kaskazini kwa miguu kufuata pwani hadi maeneo ya Pangani, halafu usiku jahazi dogo linavuka mkono mwembamba wa bahari hadi Pemba. Fikiria kutembea umbali huo ukiwa umeshatoka Nyasa. Waingereza wakaweka meli yao London pale Unguja kuwinda hayo majahazi, na mwaka wa 1881 nahodha wake, Brownrigg, akauawa karibu na Pemba akijaribu kukagua moja. Utumwa wenyewe Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka 1897. Miaka 25 baada ya ule upepo.

Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu, na mpaka leo ndiko nyingi hutoka. Ukiweka karafuu kwenye pilau ya Krismasi, kuna uwezekano mkubwa historia ya huo mti inapitia Aprili 1872.

Na kwa wale wa "sisi watu wa mlima": shosho wangu wa Imenti angewacheka. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba tulitoka Mbwaa, mahali penye maji ya bahari, tukitoroka watu waliowaita Nguo Ntuune, wale wa nguo nyekundu, waliowafanya babu zetu watumwa. Tulivuka maji ndio tukafika huku juu.

Nyingine ni ya juzi tu. Machi 2019 Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, na zaidi ya watu elfu moja wakafa huko, Zimbabwe na Malawi. Kilivuta unyevu wote kwenda kusini na mvua yetu ya masika ikachelewa. Mamangu alipanda maharagwe Machi hiyo, yakakauka. Akanunua mbegu nyingine, akapanda tena. Hakuna mtu kijijini aliyetaja Beira, tulisema tu mvua imekataa.